Raunda Haina Baba

Waandishi wa michezo wana ugonjwa mmoja: kila mchezo lazima utafutiwe baba. Raga ilipewa William Webb Ellis, kijana wa shule ambaye eti mwaka 1823 aliushika mpira mkononi akakimbia nao, na hadithi yenyewe ikaanza kuenea yeye akiwa tayari kaburini. Besiboli ilipewa Abner Doubleday, jenerali wa jeshi la Marekani, ambaye eti mwaka 1839 alichora uwanja kijijini Cooperstown, jimbo la New York, na mchezo ukazaliwa hapo hapo. Stori safi kabisa. Shida ni kwamba mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na mpaka anakufa mwaka 1893 hakuwahi kudai kwamba alibuni chochote cha besiboli.

Sasa ilitoka wapi? Ilitoka kwa tume. Mwaka 1905 Albert Spalding, mchezaji wa zamani aliyetajirika kwa kuuza mipira na vifaa vya michezo, alishinikiza iundwe tume ya kutafuta asili ya besiboli. Mzee mmoja kwa jina Abner Graves akaandika barua akisema anaikumbuka siku ya Doubleday. Mwaka 1839 Graves alikuwa na miaka 5. Mwenyekiti wa tume, Abraham Mills, alikuwa amefahamiana na Doubleday. Mwisho wa 1907 ripoti ikatoka: baba amepatikana. Mwaka 1934 mpira mkuukuu ukaokotwa kwenye sanduku karibu na Cooperstown, tajiri mmoja akaununua kwa dola 5, na mwaka 1939 jumba la makumbusho la besiboli likafunguliwa kijijini hapo. Hivyo ndivyo ngano inavyopata jengo, paa na tiketi ya kuingilia.

Nimekaa na vitabu vitatu juu ya jambo hili. Cha Spalding mwenyewe, America's National Game, cha 1911. Cha David Block, Baseball Before We Knew It, cha 2005. Na cha John Thorn, Baseball in the Garden of Eden, cha 2011. Nilivisoma nikiwa na swali la mtu wa Makueni: kwa nini mchezo wanaougombania hawa watu unafanana hivi na raunda niliyocheza shule ya msingi? Na kwa nini wao wana maktaba nzima, sisi hatuna hata ukurasa?

Kwa wasiojua, au waliosoma shule zenye bwawa la kuogelea, raunda ya kwetu ni hii. Vituo vinne, kila kimoja kimewekewa jiwe au kandambili. Mrushaji yuko katikati, mpigaji yuko mwanzo na kipande cha ubao, na siku ubao umepotea anatumia mkono. Ukipiga, unakimbia. Mpira ni juala: makaratasi ya nailoni yamefinyangwa yakafungwa kwa kamba ya katani mpaka yakakaza. Wapinzani wakiuokota mpira wanakutupia wewe mwenyewe. Ukipigwa kabla hujagusa kituo, umetoka. Ukizunguka vyote vinne bila kuguswa, umehesabiwa. Binamu zangu wa Mutomo, Kitui, walikuwa na sheria nyingine: mchezaji wa mwisho aliyebaki akizunguka mara kadhaa mfululizo, "anafufua" timu nzima. Tulipokutana likizo ya Desemba tulikuwa tunabishana nusu saa kabla ya kurusha mpira wa kwanza. Kila upande uliapa kwamba sheria yake ndiyo ya kweli.

Ubishi huo ndio historia ya besiboli ya karne ya 19, neno kwa neno. Miaka ya 1850 kulikuwa na besiboli mbili kubwa Marekani. Ya Massachusetts, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1858, iliruhusu kumpiga mkimbiaji kwa mpira ili atoke, na mshindi alikuwa wa kwanza kufikisha alama 100. Ya New York ilikataza kumtupia mtu mpira. Kanuni hiyo iliandikwa na Klabu ya Knickerbocker, iliyoundwa mjini New York mwezi Septemba 1845. New York ilishinda, Massachusetts ikafa. Kwa hiyo msichana wa Kathonzweni anayekwepa juala akielekea kituo cha tatu anacheza kwa sheria ambayo wanaume wa New York waliifuta miaka zaidi ya 175 iliyopita. Hakuna aliyemwambia kwamba ilifutwa.

Hawa Knickerbocker walikuwa nani hasa? Si mashujaa. Walikuwa makarani, wafanyabiashara, watu wa benki na daktari au wawili, watu wa mjini waliotoka kazini saa za jioni wakitafuta pa kunyoosha viungo. Uwanja wa maana Manhattan ulikuwa shida, kwa hiyo walivuka mto kwa feri kwenda Hoboken. Tarehe 19 Juni 1846 walicheza huko na timu nyingine wakachapwa 23 kwa 1. Kwa uchezaji peke yake, hakuna ambaye angewakumbuka. Lakini walikuwa na katiba, katibu, ada, faini za kutukana uwanjani, na daftari la alama. Walicheza wakaandika. Timu nyingine za New York zilicheza kabla yao, Thorn anaonyesha hilo vizuri, lakini daftari lililodumu ni la Knickerbocker, na kwa hiyo historia ilianzia kwao.

Jina ninalolipenda humo ni la Daniel Adams, daktari. Miaka ile ya mwanzo hakukuwa na duka la kununua mipira ya besiboli, kwa hiyo Adams aliitengeneza mwenyewe, akagawia vilabu. Nikisoma hapo nilicheka, maana kila shule Ukambani ilikuwa na Adams wake, yule msichana ambaye juala lake halifumuki hata likanyeshewa. Mwaka 1857 Adams aliongoza mkutano wa vilabu uliokubaliana kwamba mchezo ni zamu 9 na kwamba kati ya kituo na kituo ni futi 90. Karatasi alizoandika kanuni hizo ziliuzwa kwenye mnada mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 3. Karatasi, si mpira.

Sasa turudi kwa Spalding, maana ndipo penye uchafu. Kabla ya ile tume, mwandishi Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza na ndiye aliyewazoesha Wamarekani kusoma jedwali la matokeo gazetini, alikuwa amesema wazi mwaka 1903 kwamba besiboli imetokana na raunda ya Waingereza. Spalding hakuvumilia. Soma kitabu chake cha 1911 utaona kinachomuuma. Kwanza, raunda ni ya Uingereza, na yeye anataka mchezo wa taifa uwe mtoto halali wa Marekani. Pili, na hili analirudia kwa namna nyingi, raunda ni ya watoto na wasichana. Kwake besiboli ni vita vya wanaume. Mwanamke nafasi yake ni jukwaani, apige makofi. Kriketi na tenisi anaweza kucheza, anasema, lakini besiboli itamzidi nguvu.

Kama kuna kitu cha thamani katika kitabu cha Block, ni jinsi ushahidi unavyomcheka Spalding. Neno besiboli lilichapishwa London mwaka 1744, ndani ya kitabu kidogo cha watoto cha John Newbery. Mwaka 1755, siku baada ya Pasaka, kijana William Bray wa Surrey aliandika katika shajara yake kwamba alikwenda kucheza besiboli, akawataja aliocheza nao. Shajara hiyo ilijulikana baada ya kitabu cha Block kutoka, na Block ndiye aliyeitambulisha kwa ulimwengu. Hesabu majina: wanawake ni wengi kuliko wanaume. Jane Austen, mwishoni mwa karne hiyo hiyo, alimpa msichana wa riwaya yake Northanger Abbey hobi ya besiboli bila kuona ajabu yoyote. Na hata huko Marekani, wanafunzi wa kike wa chuo cha Vassar walikuwa na vilabu vyao vya besiboli kufikia 1866, miaka 3 kabla ya Cincinnati Red Stockings kuwa timu ya kwanza kulipa wachezaji wake wote hadharani.

Kwa hiyo si kwamba wasichana waliingia besiboli wakafukuzwa. Walikuwemo tangu mwanzo, kisha historia ikaandikwa upya bila wao.

Block anatibua jambo lingine pia, na hili linatuhusu sisi wa raunda moja kwa moja. Chadwick naye hakuwa sahihi. Jina la raunda halionekani kwenye maandishi mpaka 1828, katika kitabu cha michezo ya wavulana kilichochapishwa London, yaani miaka 84 baada ya besiboli kutajwa. Mwaka 1834 mchapishaji wa Boston alichukua maelezo yale yale ya raunda akayabandika jina lingine. Kwa maana nyingine, raunda si mama wa besiboli. Ni dada yake. Wamelelewa nyumba moja, wakaolewa sehemu tofauti. Mmoja aliandikishwa kwenye cheti cha ndoa, mwingine akabaki kuitwa "yule".

Thorn ana kazi kubwa na nzuri. Anaivunja ngano ya Doubleday mpaka hakuna kinachobaki, na anaandika kama mtu anayependa mchezo, si kama hakimu. Lakini nina ugomvi naye. Akishamwondoa baba mmoja, analeta wanne: Adams, William Wheaton, Louis Wadsworth na William Tucker. Ushahidi wake ni imara, sikatai. Ninachokataa ni swali lenyewe. Ukiuliza "nani baba?", utajibiwa na wenye madaftari peke yao, na wenye madaftari New York ya 1845 walikuwa wanaume weupe wenye ajira na muda wa jioni. Thorn anajua hilo, analisema, halafu anaendelea na hesabu ya mababa. Ni kama mtu anayekwambia mizani ni mbovu huku akikupimia nyama.

Daftari lina ukatili wake pia. Mwaka 1867, Philadelphia, klabu ya Weusi iliyoitwa Pythian ilitaka kuingia katika chama cha vilabu vya amateri. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Octavius Catto, mwalimu na mpigania haki. Mwezi Desemba mwaka huo chama kikaamua kutopokea klabu yoyote yenye mtu mweusi. Kikaandika. Kumbukumbu za mkutano, nadhifu, zina tarehe. Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, Catto akapigwa risasi barabarani akafa. Vijana tunaopenda kusema "uandike historia yako" tukumbuke kwamba kalamu ile ile ya Knickerbocker ndiyo iliyofunga mlango wa Pythian.

Lakini hata hivyo nachagua kalamu, na sababu yangu ni ya juzi. Mwezi Mei 2024, ligi kuu ya Marekani iliingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi katika rekodi zake, na Josh Gibson, aliyekufa mwaka 1947 bila kuruhusiwa kucheza ligi kuu hata siku moja, akawa na wastani bora wa upigaji wa maisha: .372, juu ya .367 ya Ty Cobb. Ilichukua miaka, lakini iliwezekana kwa sababu matokeo yalikuwa yamechapishwa gazetini, yakiwemo magazeti ya Weusi, mchezo baada ya mchezo. Haki ilikuja kwa kuchelewa ikakuta kitu cha kuhesabu.

Ikija Ukambani itakuta nini?

Wamarekani wa kwanza kuweka makao Makueni hawakuja jana. Mwezi Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission, waliotumwa kutoka Philadelphia ile ile, walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui. Lakini mchezo uliokaa kwetu haukuwa wa kwao. Tulirithi toleo la Uingereza, kupitia shule, pamoja na kengele, gwaride na sare. Na tuliurithi ukiwa tayari umegawanywa: katika michezo ya shule za msingi wavulana walipewa kandanda, wasichana wakapewa netiboli na raunda. Mawazo ya Spalding yalifika Ukambani bila Spalding.

Mwaka jana nikiwa ocha nilimtembelea mwalimu mstaafu upande wa Mbooni, mtu aliyesimamia michezo ya shule kwa muda mrefu. Nilitaka kuona daftari za zamani.

"Daftari la kandanda lipo," akaniambia. "Limeliwa na mchwa kidogo, lakini lipo."

"Na la raunda, Mwalimu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya upepo. "La raunda nani angeandika, mwiitu wakwa? Raunda ilikuwa ya wasichana kutoa jasho."

Na huyu ni mtu mwema. Alitaja kwa jina wasichana watatu wa miaka ya 80 ambao mpira wao ukipigwa ulivuka ua wa shule ukaangukia shamba la mbaazi. Alikumbuka hata mkono waliotumia. Anazo kichwani rekodi ambazo Cooperstown wangezijengea kabati la kioo. Lakini kichwani ndipo zilipo, na yeye ana miaka zaidi ya 70. Daftari la kandanda, kwa upande mwingine, linakumbuka sare ya bila kwa bila ambayo hata waliocheza wameisahau.

Kuna na jambo la vifaa. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya nailoni, na nashukuru, maana mbuzi wa susu yangu walikuwa wanaimeza. Lakini siku hiyo juala lilianza kufa taratibu, na sijaona mtu aliyeandika hata aya moja kuliaga. Watoto wanafinyanga matambara sasa, au soksi, au wananunuliwa mpira wa duka unaoruka vingine kabisa. Mpira ukibadilika, mchezo unabadilika. Muulize mtu yeyote wa besiboli, atakupa mhadhara wa saa mbili kuhusu ngozi na mishono.

Najua mtakachosema: besiboli imeshafika Afrika Mashariki, tazama Uganda. Ni kweli, na inapendeza. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikafika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Vijana kadhaa wa Uganda wamepata mikataba na timu za Marekani tangu hapo. Lakini soma jinsi stori hizo zinavyoandikwa. Kijana maskini, vifaa vya kuokota, ndoto, ndege. Mchezo unaelezwa kama kitu kilichoshuka juzi kutoka kwa wafadhili kwenye nchi isiyowahi kuona mtu akipiga mpira kwa kipande cha ubao na kukimbia vituo vinne. Hakuna mwandishi anayegeuka kumuuliza dada wa huyo kijana alicheza nini shuleni. Tunasubiri Marekani ituthibitishie, kumbe tulikuwa na mchezo wenye sheria zake, mafundi wake wa mipira na ubishi wake wa kanuni, yaani kila kitu cha Hoboken ya 1846 isipokuwa katibu.

Sitaki mtu aanzishe chama cha kitaifa cha raunda, na makao makuu, na mwenyekiti wa kutafutiwa sanamu. Sitaki raunda ipewe baba, wala mama. Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana wikendi hii. Mpigie simu shangazi yako, au mama, au yule jirani aliyesoma Ikutha au Tawa. Muulize: vituo vilikuwa vingapi? Mliruhusiwa kumtupia mkimbiaji mpira? Mchezaji wa mwisho aliweza kufufua timu? Mpira mliufunga na nini? Nani alikuwa hatoki kamwe? Andika jibu, weka jina la shule na mwaka. Ukimaliza, muulize kuhusu timu waliyokuwa wanaiogopa, kisha umpigie mtu wa timu hiyo.

Mimi nimeanza. Ukurasa wa kwanza una sheria 11 za upande wa Wote na 9 za Mutomo, na tayari binamu yangu ameusoma akaniambia ya saba ni uongo.